Uzi: Lisbon kwa miguu, ngazi za kale za Alfama hadi dhahabu ya Kilwa

#1 Mpandangazi

Wakuu, habari zenu.

Naishi Lisbon, Ureno. Jamaa wakija kunitembelea, wa kutoka Dar au wa London, ombi la kwanza huwa ni tramu namba 28. Ni nzuri, sikatai. Ya njano, ndani mbao tupu, inapita vichochoro hadi unahofia itakwangua ukuta. Ila msimu wa wageni foleni ya pale Martim Moniz inakula nusu ya asubuhi, halafu ukipata nafasi unasimama umebanwa huoni nje, na wachomoaji wako humo humo kazini.

Mimi nashika msimamo mmoja: mji huu utauona kwa kutembea, na njia yake hasa ni ngazi.

Lisbon imekaa juu ya vilima. Wenyewe husema ni saba. Chini kuna mto Tejo, na hapo karibu na baharini umetanuka mno, mgeni hudhani ndiyo bahari yenyewe. Pale ambapo barabara ilishindwa kupanda, watu wa zamani walijenga ngazi za mawe. Ngazi hizo zina majina kama mitaa, nyumba zake zina namba, na mlango wa mtu unafunguka moja kwa moja kwenye kidato. Gari halifiki, kwa hiyo mtu akinunua jokofu hubebewa mabegani hadi kwake.

Nianze na Alfama, mtaa mkongwe chini ya ngome ya São Jorge.

Siri ya kwanza ni kwamba huna haja ya kupanda kilima chote. Mtaa wa Rua dos Fanqueiros, huko chini Baixa, kuna jengo lenye lifti ya bure ya jiji. Inakutoa juu, Rua da Madalena. Ukivuka uwanja mdogo unakuta lifti ya pili, ndani ya jengo la lililokuwa soko la Chão do Loureiro, nayo inakufikisha karibu kabisa na ngome. Kutoka hapo unatembea hadi Portas do Sol, unasimama kwenye ukingo, na mapaa mekundu ya Alfama yote yako chini yako hadi mtoni.

Halafu unashuka. Karibu na kanisa la Santa Luzia kuna ngazi zinazopita kando ya mabaki ya ukuta wa enzi za Waislamu. Uguse ukuta ule. Mji huu ulikuwa chini ya Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, hadi 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba kutoka kaskazini mwa Ulaya waliokuwa safarini kwenda Jerusalem. Kanisa kuu lilijengwa baada ya hapo, mahali palipokuwa na msikiti. Waislamu waliobaki walipewa sehemu nje ya ukuta, upande wa pili wa kilima, na mtaa huo mpaka leo unaitwa Mouraria.

Endelea kushuka hadi kanisa la São Miguel, kisha tafuta kichochoro kinachoitwa Beco do Carneiro. Ni ngazi nyembamba, huko juu mapaa ya nyumba mbili yanakaribia kugusana. Panda taratibu. Mwisho wake kuna kanisa la Santo Estêvão, na uwanja wake mdogo unatazama Tejo. Kwangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote Alfama, na mara nyingi utakuta watu wachache tu, wakati kule Portas do Sol watu wanapigana vikumbo kwa ajili ya picha. Ukishapumzika, shuka kwa Escadinhas de Santo Estêvão hadi Rua dos Remédios, na hatua chache mbele ni makumbusho ya fado, ule muziki wao wa huzuni na magitaa.

Ngazi nyingine nitaziweka kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni.

#2 Bint Mvita

Mpandangazi, ahsante sana kwa uzi. Mimi ni wa Mombasa, nimekua nikiiona Fort Jesus kila siku ya Mungu. Twajua Wareno walivyokuja kwetu, huko kwao sijui lolote. Hebu nambie, kuna kitu huko cha kumkumbusha mtu pwani yetu? Ama ni makanisa na tramu tu?

#3 Mpandangazi

Dada yangu, kipo, na ni kizito. Swali lako ndilo lilinifanya nifikirie kuandika uzi huu tangu mwanzo.

Magharibi mwa mji, kwenye barabara ya Rua das Janelas Verdes, kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ndani yake kuna chombo cha kanisani, monstransi ile ya kuwekea ekaristi, yenye kimo cha sentimita 73 hivi, ya dhahabu na rangi za enameli. Wanaiita Monstransi ya Belém. Ilikamilika 1506, na aliyeitengeneza ni sonara Gil Vicente. Kwenye kitako chake pamechorwa maandishi kuzunguka, yanasema waziwazi kwamba mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limeandikwa pale pale, kwenye dhahabu.

Sasa ifuatilie dhahabu hiyo. Ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, ikapanda na majahazi hadi Kilwa Kisiwani, kwa sababu Kilwa ndiyo iliyokuwa imeshika biashara hiyo. Mwaka 1502 Vasco da Gama akaja safari yake ya pili na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Ndiyo dhahabu aliyorudi nayo 1503. Miaka miwili baadaye, Julai 1505, akaja Francisco de Almeida, akaiteka Kilwa yenyewe, na mwezi wa nane meli zake zikaelekea Mombasa kwenu, mji ukachomwa moto mwezi huo huo.

Yaani mwaka monstransi inakamilika, Kilwa ilikuwa imeshaporwa. Wageni wanasimama mbele ya kile kioo, wanasifu kazi ya sonara (na kazi ni ya ajabu kweli, malaika na mitume wadogo sana wamechongwa mmoja mmoja), wanapiga picha wanaondoka. Mswahili akisimama pale hasomi kama wao. Mimi nililia, na sioni aibu kulisema.

Na ngazi? Ziko hapo hapo. Kando ya makumbusho kuna bustani iitwayo Jardim 9 de Abril, iko ukingoni mwa jabali, na kutoka hapo zinashuka ngazi kubwa za pande mbili za Rocha do Conde de Óbidos hadi barabara ya chini, reli na gati. Ukitoka kwenye dhahabu ya Kilwa, shuka kwa ngazi hizo ukitazama mto. Ni mto ule ule walioondokea. Gama alitoka Belém, magharibi kidogo ya hapo, tarehe 8 Julai 1497, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa na Malindi.

#4 Kisiwani77

Mkuu nimesoma #3 nikasimama kwanza. Mimi ni wa Kilwa Masoko, boti ya kwenda Kisiwani nimeipanda tangu utotoni. Husuni Kubwa, msikiti mkuu, Gereza, yote tunawaeleza wageni. Hili la monstransi sikuwahi kufundishwa shuleni. Lilipaswa kuwa kwenye kitabu cha historia na picha yake.

Hayo maandishi yanasomeka kwa mtu wa kawaida?

#5 Mpandangazi

Yanasomeka ndugu yangu, ila ni Kireno cha zamani, na jina wameliandika QILVA. Zunguka kabati polepole utalipata. Makumbusho hufungwa Jumatatu, na jengo hupitia ukarabati, kwa hiyo mtu akague kwanza kama ukumbi uko wazi siku anayokwenda.

Nakubaliana nawe kuhusu kitabu cha shule, asilimia mia.

#6 Kijana wa Posta

Wakuu samahani nitatofautiana. Hawa watu walitupora, wakachoma miji yetu, wakauza watu wetu. Leo tunaandika uzi mrefu kusifia ngazi zao na mandhari zao. Mtu achange nauli aende kuwatajirisha tena? Mimi naona heri pesa hiyo mtu aende Kilwa, Lamu, Pangani, Bagamoyo.

#7 Mpandangazi

Hoja yako naiheshimu, na mwenye nauli ya Kilwa aende Kilwa kwanza, hilo hata mimi nampigia debe. Lakini wengine tayari tuko huku kwa kazi na masomo, na wengine wanapita tu. Hao ndio naongea nao. Na ukitembea mji huu kwa miguu, hayo unayoyasema hayafichiki, yako mtaani.

Mfano mmoja. Chini ya Alfama, karibu na mto, kuna chemchemi ya umma ya kale inaitwa Chafariz d'El-Rei. Watu wa mji mzima walikuwa wakichota maji hapo. Kuna mchoro wa karne ya 16 unaoonyesha uwanja wa chemchemi hiyo: Waafrika wamejaa, wengine wamebeba mitungi kichwani, wengine wamefungwa minyororo, mmoja yuko kwenye mashua, mmoja mweusi amepanda farasi amevaa kama mwungwana wa cheo. Mwaka 1551 sensa ya mji ilihesabu watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu kama 100,000. Mtu mmoja kati ya kumi! Na mwaka huo huo baraza la mji likapanga nani achote bomba gani, watumwa weusi na lao, wazungu na lao.

Sasa pandisha ngazi kutoka pale chemchemini na ujiulize maji yalifikaje juu kwenye nyumba za wenye nazo. Yalipanda vichwani mwa watu hao, kidato kwa kidato. Mimi siwezi tena kuziona ngazi za Alfama kama pambo.

Upande wa pili wa mji, kuelekea São Bento, kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros, Shimo la Weusi. Mfalme Manuel huyo huyo wa dhahabu ya Kilwa aliandika barua 1515 akitaka lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa walikuwa wanaachwa wazi. Leo kuna mikahawa na maduka ya nguo. Kibao cha jina la mtaa kiko ukutani, wapita njia hawainui macho. Ukienda, wewe inua.

Kwa hiyo siwasifii kaka. Natembea na macho yangu.

#8 Kijana wa Posta

Hapo umenipata mkuu. La Poço dos Negros ni zito sana. Endelea.

#9 Mama Salha

Mwanangu Mpandangazi, hujambo? Mimi ni mtu mzima, binti yangu anafanya kazi huko Setúbal na mwakani Mungu akipenda nitakwenda. Magoti yangu si ya kupanda. Maneno yako yamenivutia sana lakini naogopa nitabaki chini natazama.

#10 Mpandangazi

Shikamoo mama. Hutabaki chini, inshallah.

Zile lifti mbili za bure nilizozitaja ndizo zako. Ziko nyingine mjini, na pale Martim Moniz kuna ngazi za umeme kwenye Escadinhas da Saúde, zinakupandisha Mouraria bila kuinua mguu. Basi dogo namba 737 linatoka Praça da Figueira hadi langoni mwa ngome. Kanuni ni moja: panda kwa mashine, shuka kwa miguu polepole ukishika chuma. Alfama hushukwa kwa vipande, na kila kipande kina mkahawa au ukuta wa kukalia.

Kuna vile vigari vya reli vinavyovutwa kwa kebo, Lavra wa 1884, Glória wa 1885 na Bica wa 1892. Tarehe 3 Septemba 2025 kebo ya kigari cha Glória iliachia, kikashuka kasi na kupinduka, wakafa watu 16, na vyote vikasimamishwa vikaguliwe. Mwulize binti kabla hamjapanga kuvitegemea.

Viatu mama, soli ya mpira. Njia za huku zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha vinateleza vibaya sana. Siku ya mvua achana na ngazi kabisa, kaa chini Baixa.

#11 Mama Salha

Marahaba mwanangu. Mungu akuweke.

#12 Nyayo_za_Vumbi

Baixa umeitaja mara kadhaa hujaieleza. Nilipita Lisbon saa chache tu nikiunganisha ndege, nikatembea hapo. Kwa nini pale mitaa ni tambarare na imenyooka, na pembeni tu Alfama imevurugika?

#13 Mpandangazi

Tetemeko la 1755. Tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi makanisa yamejaa, mishumaa imewashwa. Ardhi ikatikisika, walionusurika wakakimbilia ufukweni kwenye uwazi, na huko tsunami ikapanda mto ikawakuta. Kisha moto, siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu.

Bonde la Baixa likafutwa. Waziri mkuu wa mfalme, anayejulikana kama Marquês de Pombal, akaamua lisijengwe lilivyokuwa. Mhandisi mzee Manuel da Maia akatoa mipango, na mitaa ikapangwa kwa mistari kama mashimo ya bao. Ndani ya kuta za nyumba mpya wakaweka fremu za mbao zenye mikingamo, ili jengo liyumbe lisianguke. Alfama, iliyo kwenye mwamba mgumu wa kilima cha ngome, iliumia pia, lakini ramani yake ya kale ilibaki. Ukitoka Rua da Madalena ukapanda ngazi chache za São Cristóvão, umetoka karne ya 18 umeingia mji wa kabla yake.

Jambo lingine la tetemeko lione Carmo. Kutoka Rossio panda ngazi za Calçada do Carmo. Juu kuna kanisa la watawa ambalo paa lake lilianguka 1755 na halikurudishwa, matao yamesimama wazi chini ya anga. Ile lifti ya chuma ya Santa Justa, ya 1902, inafika hapo hapo, lakini foleni yake ni ya kukatisha tamaa na ngazi hazichukui dakika tano.

#14 Mtwara Kuchele

Si ndiyo hiyo Carmo ya mapinduzi ya 1974? Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia, Mtwara na Lindi watu walisikia redioni Ureno imepinduliwa. Kwetu wakimbizi wa Msumbiji walikuwa ndugu, tulikula nao sahani moja.

#15 Mpandangazi

Ndiyo yenyewe mkuu, na ahsante kwa kulileta. Pembeni ya magofu ya kanisa, kwenye uwanja wa Largo do Carmo, kuna kambi ya polisi. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijifungia humo, na nje kapteni kijana, Salgueiro Maia, akaizingira kwa magari ya deraya huku wananchi wamejaa uwanjani hadi juu ya miti. Jioni Caetano akasalimu amri.

Waliofanya mapinduzi walikuwa wanajeshi waliochoshwa na vita vya Afrika. Na vita hivyo sehemu yake iliendeshwa kutoka kwetu: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wakafunzwa Kongwa na Nachingwea, risasi za kwanza zikalia Chai, Cabo Delgado, Septemba 1964. Vijana wa Kireno waliopelekwa kupigana nao walipandia meli kwenye magati ya Alcântara na Rocha, yale yale ambayo ngazi za Rocha do Conde de Óbidos zinayashukia. Mama zao walisimama hapo na vitambaa. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975.

Kwa hiyo mtu wa Mtwara ana ngazi mbili Lisbon: za Rocha walikoondokea, na za Carmo ambako utawala uliowatuma uliangukia.

#16 Mtwara Kuchele

Nimeunakili ujumbe huu wote, nawatumia wanangu.

#17 Bint Mvita

Na wakaaji wenyewe wa hizo ngazi, wapo? Maana kwetu Mji wa Kale nyumba zageuzwa hoteli, Lamu pia, Unguja ndiyo usiseme. Wenyeji wahama.

#18 Mpandangazi

Wapo, ila wanapungua, na hili linaniuma. Alfama ulikuwa mtaa wa wavuvi, makuli wa bandarini na wauza samaki. Nyumba ni ndogo, vyumba viwili. Zikawa tamu kwa wapangishaji wa siku mbili tatu, wazee wakaanza kuondolewa mikataba ikiisha. Mwishoni mwa 2018 jiji lilisimamisha vibali vipya vya nyumba za wageni Alfama, Mouraria, Castelo na Bairro Alto, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimeshageuka. Utazitambua kwa kisanduku cha ufunguo mlangoni na kelele za masanduku ya magurudumu yakigonga vidato alfajiri.

Ndiyo maana nasisitiza adabu. Ngazi ni baraza la mtu. Ukikuta bibi amekaa kwenye kidato chake, salimu, "bom dia", usimpige picha kabla hujaomba. Usikalie mlango wa mtu ukala. Usipige kelele usiku, sauti kule inapanda ukutani hadi ghorofa ya nne. Na hela yako iache kwa mwenye kigenge cha mtaani, siyo kwenye mkahawa wenye menyu ya picha na mtu wa kukuvuta mkono.

Ukitaka kuona wenyeji bado wanaumiliki mtaa wao, njoo usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio. Majiko yanatolewa nje kwenye ngazi, dagaa wakubwa wa kuchoma wanapakuliwa juu ya mkate, wazee wanacheza muziki na wajukuu. Waliohamishwa vitongojini wanarudi usiku huo kwenye ngazi walizozaliwa.

#19 Bint Mvita

Shukran sana. Nitakuwa huko Oktoba kwa mkutano wa kazi, nina siku mbili tu zangu mwenyewe, Jumatatu na Jumanne. Nipangie.

#20 Mpandangazi

Karibu sana dada. Jumatatu makumbusho yamefungwa, kwa hiyo iwe siku ya Alfama. Uwe kwenye lifti ya Fanqueiros saa mbili asubuhi, makundi ya wageni hayajaamka. Portas do Sol, Beco do Carneiro, Santo Estêvão, kisha Chafariz d'El-Rei huko chini. Mchana pumzika. Jioni panda Calçada do Carmo, na kabla ya kupanda pitia Largo de São Domingos, jirani ya Rossio. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati Aprili 1506, na kanisa la hapo ndilo walikokuwa na chama chao Waafrika wa Lisbon, watumwa na walioachwa huru. Hadi leo Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana uwanjani hapo kuongea na kuuza vyakula na viungo. Utasalimiwa.

Jumanne nenda Janelas Verdes mapema, makumbusho yanapofunguliwa, uone monstransi ukumbi ukiwa kimya. Halafu ngazi za Rocha hadi gatini, na kama miguu bado ina nguvu, rudi kwa kupitia Poço dos Negros. Oktoba mvua huanza, chukua viatu vya kushika chini. Ukifika niandikie faragha, nikiwa na nafasi Jumanne hiyo tutakwenda pamoja.

#21 Kisiwani77

Bint Mvita, ukipata ruhusa pale ndani, piga picha ya hayo maandishi ya QILVA kwa karibu uyaweke humu. Nina mwalimu wa historia wa sekondari hapa Masoko nimemsomea uzi huu, anataka awaonyeshe wanafunzi wake.

#22 Bint Mvita

Nitaileta, inshallah.